Waya wa Kwenda Bujumbura

Jumatano, 1 Machi 1972

Mvua tangu alfajiri. Simu ya Bujumbura imekufa kabla sijamaliza kufungua madirisha ya posta.

Mama anasema tangu baba afariki nimeanza kusema peke yangu jikoni. Basi nitaandika, kusema kwenye karatasi hakumsumbui mtu. Mimi Esha binti Radjabu. Baba alikuwa mwashi, mtu wa Ujiji. Mimi nimezaliwa hapahapa Rumonge. Kazi yangu ni kukaa mbele ya meza ya simu na kuwaunganisha watu wa hapa na wa Bujumbura: komini, yaani ofisi ya serikali, misheni, hospitali, kiwanda cha mawese, wanunuzi wa samaki. Nyaya mbili tu ndizo zinazotufikisha Bujumbura; nyingine zinakwenda kusini, Nyanza-Lac. Zinafuata barabara ya ziwani, zinapita Minago, Magara na Gitaza, mpaka mjini.

Hitilafu zake nimezizoea. Nikizungusha kishikio kikawa chepesi, waya umekatika mahali. Kikiwa kizito, nyaya zimegusana. Leo kilikuwa kizito. Cirhuza, fundi wa nguzo, ameondoka na baiskeli kwenye mvua akitukana kwa Kishi, lugha ya kwao Kongo.

Alhamisi, 2 Machi

Lilikuwa kuti la mchikichi, limelala juu ya nyaya. Simu imerudi mchana.

Jumatatu, 6 Machi

Simpendi Cirhuza. Ni Mushi wa upande wa Bukavu, alikuja hapa akikimbia vita vya Kongo mwaka wa sitini na nne. Akiwa juu ya nguzo anachomeka simu yake ya kujaribia kwenye waya, na badala ya kusema “Rumonge, unasikia?” kama mtu wa kazi, anageuza sauti na kujifanya mkubwa kutoka Bujumbura. Leo kaniamuru nimwitie mkubwa wa posta upesi. Nikamwita. Bwana Nzigamasabo akaja anafunga kifungo cha koti, akashika simu, akasikia kicheko.

Hakukasirika. Amesema tu, “Fundi, ushuke polepole, nguzo imelowa.” Huyu ndiye mtu ninayetaka kufanana naye. Tai hata siku ya joto, na anamwamkia kila mtu vilevile, awe padri au mbeba ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Jumanne, 14 Machi

Kishikio chepesi tangu asubuhi. Nilidhani Cirhuza ataifuata njia nguzo kwa nguzo. Akanicheka.

“Dada Esha, ukifanya hivyo utazeeka barabarani. Unaenda katikati, Magara. Unafungua waya pale, unauliza upande huu: uko muzima? Unauliza upande ule: uko muzima? Ule wenye kunyamaza ndio mugonjwa. Halafu unaenda katikati yake tena.”

Ameondoka na kamiyo, lori la wanunuzi wa samaki. Baada ya muda akaniita kutoka Magara, sauti safi, mimi mzima. Bujumbura ndiyo iliyonyamaza. Akasogea Gitaza. Kabla ya jua kuzama tumepata.

Niliipenda kazi hiyo zaidi ya nilivyotaka.

Jumatano, 15 Machi

Mvua.

Alhamisi, 16 Machi

Mvua. Simu nzima.

Ijumaa, 24 Machi

Mke wa Cirhuza kamletea chakula posta. Anaitwa Émérance, anafundisha darasa la kwanza. Msichana mrefu, Mhutu wa milima ya huku juu, haongei sana. Mama hampendi. Anasema anatembea kama mtu anayeogopa kukanyaga chaki. Mama hampendi karibu kila mtu, na akikopesha chumvi anaikumbuka mpaka Idi.

Jumapili, 2 Aprili

Pasaka ya Wakristo. Simu nyingi za salamu.

Jumanne, 11 Aprili

Mlima umeporomoka Gitaza, nguzo zimekwenda na udongo. Wanawake wa ndagala wanalia kwamba samaki wanaoza kwenye mchanga, hakuna jua la kukaushia wala njia ya kuwaambia wanunuzi wasije.

Ijumaa, 14 Aprili

Simu imerudi. Cirhuza amelala Gitaza siku zote hizi, amerudi na homa. Nilimpa chai. Akasema murakoze, asante ya Kirundi, bila mzaha.

Jumatano, 26 Aprili

Maulidi. Jana tulisoma mpaka sauti zikakauka. Leo mtaa mzima unanuka ubani na pilau.

Jumapili, 30 Aprili

Najaribu kuandika kwa taratibu.

Jana jioni nilikuwa nafunga posta. Kishikio kilikuwa kizima, nilikuwa nimetoka kumpa mtu wa misheni simu yake. Nikazungusha mara ya mwisho kumwambia mwenzangu wa Bujumbura usiku mwema, kama desturi, na kishikio kikazunguka chenyewe, chepesi kabisa. Nikazungusha ule waya wa kusini, wa Nyanza-Lac. Chepesi vilevile. Sijawahi kuona njia zote mbili zikikatika pamoja na hakuna mvua.

Bwana Nzigamasabo alisimama mlangoni. Akasema, “Nenda nyumbani, Esha. Pita nyuma ya msikiti.”

Watu wenye mapanga waliingia mjini baada ya hapo. Wengine walikuwa wa hukuhuku, wengine sijawahi kuwaona. Walikuwa wanawatafuta Watutsi. Walikwenda nyumba kwa nyumba, na walijua nyumba. Sisi tulilala chini, mama akaegemeza kabati kwenye mlango. Nilisikia mke wa karani wa komini, jirani yetu wa tatu, akiita majina ya watoto wake. Halafu sikumsikia tena.

Leo mchana wamepita wakasema sasa ni uhuru, kila mtu atoke. Hatukutoka.

Jumatano, 3 Mei

Askari wamefika kutoka Bujumbura. Risasi siku nzima.

Ijumaa, 5 Mei

Wenye mapanga wamekimbilia milimani. Nimepita barabarani kwenda posta kwa sababu askari alikuja kuniita. Sitaandika nilichokiona. Nilitazama nguzo tu. Nyingi zimekatwa kwa shoka.

Posta sasa ni ya luteni mmoja. Ni kijana, amenyoa vizuri, anasema Kiswahili cha kambini. Redio ya jeshi wanayo, lakini inakoroma tu, haitoi neno. Anataka simu.

“Fundi iko wapi?”

Bwana Nzigamasabo akasema atamtafuta. Cirhuza akaja mwenyewe, amevaa mkanda wake wa kupandia. Luteni akaitazama kadi yake.

“Wewe Mukongomani. Wakongomani walikuwa na hawa wauaji.”

“Mimi nilikuwa chini ya kitanda changu, Luteni.”

“Tutaona. Kwanza simu.”

Jumanne, 9 Mei

Sasa wanachukuliwa wengine. Walioua walikimbia, wanaochukuliwa ni Wahutu waliobaki, hasa waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi wakubwa. Wanaitwa mkutanoni komini, wanapanda kamiyo. Kamiyo inarudi tupu.

Ndiyo hivyo. Wiki iliyopita wale, wiki hii hawa.

Leo wamemwita Bwana Nzigamasabo. Alikuwa ananieleza habari ya stempu. Aliambiwa ni mkutano, akavaa koti. Mlangoni alimwachia luteni apite mbele.

Jumatano, 10 Mei

Hakuja.

Alhamisi, 11 Mei

Mvua kubwa. Hakuja.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Émérance jikoni kwetu, amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Mwalimu mkuu wao amechukuliwa, na mwenzake wa darasa la pili. Cirhuza amemleta kupitia nyuma. Mama alikuwa amesimama na mwiko.

“Kaa ukijua,” akaniambia, “huyu kuanzia leo ni Kadidja, mtoto wa dada yangu wa Ujiji. Ni bubu. Amezaliwa hivyo.”

“Mama, huna dada Ujiji.”

“Sasa ninaye.”

Amemfunga kanga yake ya Idi, ile ambayo mimi sijawahi kuruhusiwa kuigusa.

Jumatatu, 15 Mei

Cirhuza analala posta, askari mlangoni. Asubuhi wanamtoa na kamiyo, wanasimika nguzo, wanavuta nyaya. Jioni wanamrudisha. Amekonda. Hafanyi mzaha tena kwenye simu. Anasema, “Rumonge, unasikia?” na mimi nasema, “Nasikia.” Nilikuwa nataka aseme hivyo. Sasa sipendi kuyasikia maneno hayo.

Jumanne, 16 Mei

Askari wawili wamepita mtaani kwetu mchana wakikagua nyumba. Nilikuwa nimerudi kula. Mmoja akamsemesha Émérance kwa Kirundi, taratibu, kama mtu anayemsalimu mkwe. “Amahoro, mama. Wewe ni wa wapi?” Alikuwa anapeta mchele. Hakuinua kichwa.

Mama akamjia juu yule askari. “Huyu hasikii, hasemi! Ningekuwa na mtoto anayesema ningemweka kupeta mchele saa hizi? Mtazame anavyomwaga!” Akampiga Émérance kofi la mgongoni, kofi kweli, mchele ukatawanyika. Askari wakacheka wakaondoka.

Walipokwenda mama alikaa chini akaanza kuokota mchele punje moja moja. Émérance akapiga magoti wakaokota pamoja.

Alhamisi, 18 Mei

Nguzo zote zimesimama. Saa nne asubuhi Bujumbura ikaitika, ikakatika. Kishikio kizito.

Ijumaa, 19 Mei

Kizito. Cirhuza amekwenda, amerudi, anasema ni mti. Jioni ikaitika kidogo. Halafu kizito.

Jumamosi, 20 Mei

Jua kali siku ya tatu. Mvua imekwisha, majani ya barabarani yameanza kupauka.

Nimekaa mbele ya meza na kufikiri. Mti ukilalia nyaya, upepo unautikisa, na hitilafu inakuja na kwenda. Hii haifuati upepo. Inakaa siku nzima, inatoweka Cirhuza akipita, inarudi akishapita. Nyaya zinagusana mahali pakavu, chini ya jua, hazina sababu. Nikajua ni mkono wa Cirhuza.

Simu ikipona, hana kazi tena. Mkongomani asiye na kazi ni Mkongomani tu. Na Émérance bado yuko jikoni kwetu.

Luteni alikuja adhuhuri, akaketi kwenye kiti cha Bwana Nzigamasabo.

“Wewe unajua hii mashini. Niambie. Ni waya mubaya ao ni mutu mubaya?”

Nilizungusha kishikio mbele yake ili nipate muda. Kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia.

“Luteni, nguzo hizi zimesimikwa upesi, udongo bado laini. Zinaegemea, nyaya zinalegea, zinagusana. Kila mwaka baada ya mvua iko hivi.”

Haiko hivi. Haijawahi kuwa hivi mwaka wowote.

“Baba yako alikuwa nani?”

“Mwashi. Alijenga ukuta wa hospitali.”

Akaniangalia, akaondoka.

Jumatatu, 22 Mei

Jeshi limeishiwa na kitoweo. Luteni ameruhusu mitumbwi michache ya Rumonge ivue, kila mmoja kwa kibali. Mjomba Alimasi, ndugu wa mama, amepata. Mama amekwenda kwake akakaa muda mrefu. Hakuniambia wamesema nini. Alinunua sukari guru na mihogo mikavu, vitu vya safari, ambavyo nyumbani hatuli.

Jumatano, 24 Mei

Amekuja fundi kutoka Bujumbura. Luteni ndiye aliyemtaka, alipeleka barua na kamiyo. Anaitwa Hassani, Mswahili wa Buyenzi, mtu wa miaka arobaini hivi, mtulivu, mikono safi. Salamu yake ya kwanza ilikuwa kuzungusha kishikio.

“Kizito,” akasema.

“Kizito, kaka.”

“Mvua mara ya mwisho lini?”

“Wiki iliyopita.”

Akaangalia jua dirishani. Nikaona kwamba huyu hadanganyiki. Kesho anatoka na Cirhuza.

Alhamisi, 25 Mei

Saa tano, kengele ya meza ikalia. Hassani.

“Rumonge, niko Minago, karibu na daraja. Nimefungua waya upande wa Bujumbura. Unanisikia?”

“Nakusikia.”

“Nimepata.”

“Umepata nini, kaka Hassani?”

Nilisikia upepo wa ziwa kwenye simu yake, na chini kabisa sauti ya askari mmoja akiomba moto wa sigara. Nilijua amepata nini. Kipande cha waya mwembamba, kimefungwa nyuma ya vikombe vya nguzo vinavyoshika nyaya, kutoka waya huu mpaka ule. Hakijifungi chenyewe.

“Kutu,” akasema Hassani.

“Kutu.”

“Mbaya sana. Fundi wako ameniambia ameihangaikia peke yake. Kwa desturi yenu hapa, kutu ya namna hii inahitaji muda gani?”

Askari walikuwa chini yake wanasikia kila neno. Nyumbani, mama alikuwa ameshafunga mihogo ya Émérance kwenye kitambaa. Mjomba Alimasi alikuwa na kibali cha kesho.

“Siku mbili,” nikasema. “Mpaka Jumamosi.”

“Jumamosi mchana?”

“Mchana, kaka.”

“Sawa. Narudisha kama ilivyokuwa, nisije nikaharibu zaidi.”

Nikazungusha kishikio. Kizito.

Ijumaa, 26 Mei

Émérance ameondoka nyumbani alasiri, kichwani kapu la nyavu, nyuma ya mke wa mjomba. Mama alimpa ile kanga. Hawakukumbatiana. Mama alisema, “Ukifika ng’ambo ruksa kusema,” na Émérance akacheka kwa sauti. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Jumamosi, 27 Mei

Mjomba Alimasi amerudi asubuhi na ndagala za jeshi. Alipita posta akamletea luteni fungu lake, akaniambia mbele yake, “Mpwa wangu, ziwa limetulia. Tumevua vizuri.”

Nilipopata nafasi nilimpelekea Cirhuza chai. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, askari kando yake. Nikasema, “Mjomba anasema amevua vizuri.” Cirhuza akainamisha uso kwenye kikombe.

Mchana simu ya Bujumbura imepona. Sauti safi ajabu. Wamefanya kazi nzuri, wote wawili.

Jumapili, 28 Mei

Simu zote ni za jeshi. Naunganisha.

Jumatatu, 29 Mei

Hassani aliomba ruhusa ya kukagua njia mpaka Gitaza kabla hajarudi mjini, na akamtaka Cirhuza kama msaidizi. Luteni akakubali, akawapa askari mmoja.

Saa nne luteni aliingia akataka Bujumbura. Nikamuunganisha. Sheria ya meza ni kwamba nasikiliza mpaka sauti mbili zikutane, halafu natoka. Sikutoka. Walisema Kifaransa, nacho nimekizoea mezani. Katikati ya maneno nikasikia mlio mdogo kwenye waya, tak, ule wa simu ya kujaribia ikichomekwa. Kuna mtu juu ya nguzo.

Sauti ya Bujumbura ikauliza kuhusu Mkongomani wa nguzo. Luteni akasema kazi imekwisha, na fundi mwingine yupo. Sauti ikasema basi kwa nini bado yuko. Luteni akasema, “Leo jioni, akirudi.”

Wakaagana. Luteni akanishukuru, kwa adabu kabisa, akatoka uani kuwaita watu wake.

Nikashika simu. “Nani yuko kwenye waya?”

“Mimi, dada Esha.” Cirhuza. “Tuko Gitaza. Nimesikia wanasema Kifaransa, sikuelewa yote.”

“Shuka. Usirudi Rumonge.”

“Askari iko chini.”

“Na Hassani?”

Nikasikia simu ikipokewa na mkono mwingine. “Da Esha, sema haraka.”

“Wamesema jioni hii. Yeye.”

Mlangoni palikuwa na kivuli cha askari. Nikainua sauti. “Gitaza, sikusikii vizuri! Rudia!”

Hassani alielewa. Akasema kwa sauti ya kazi, kubwa, ya kusikika na kila mtu aliye chini ya nguzo ile, “Upande wa ziwani bado kuna kasoro! Fundi, chukua waya huu, nenda kaangalie nguzo ya pili kule penye waanika ndagala. Askari, tafadhali nishikie hii ngazi, inateleza.”

Halafu tak, wakachomoa.

Jumanne, 30 Mei

Jana jioni kamiyo ilirudi bila Cirhuza. Hassani alisema alimtuma nguzo ya pili, na alipotazama hakumwona. Luteni alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijia mimi akaniuliza simu ya mwisho kutoka Gitaza ilisema nini. Nikasema kasoro upande wa ziwani. Akanipiga mara mbili usoni, bila hasira, kama mtu anayepiga chombo kuona kama ni kizima. Nikarudia vilevile.

Leo asubuhi wamempandisha Hassani kwenye kamiyo kwenda Bujumbura. “Kwenda kueleza,” wamesema. Alinipungia kidogo. Sikumpungia. Niliogopa.

Jumatano, 7 Juni

Jua. Vumbi. Simu nzima.

Ijumaa, 16 Juni

Mkubwa mpya wa posta amefika. Hajui kitu kuhusu stempu.

Alhamisi, 22 Juni

Mjomba Alimasi amekaa kwetu jioni na kuzungumza na mama kuhusu bei ya nyavu, mpaka jirani alipoondoka. Ndipo akasema. Cirhuza yuko Baraka, ng’ambo ya ziwa upande wa Kongo, pamoja na mkewe. Wanawake wa Gitaza walimlaza chini ya majamvi ya ndagala mpaka nafasi ya mtumbwi ikapatikana. Wamemwambia mjomba kwamba Cirhuza hawezi tena kula samaki, harufu inamrudisha kule chini. Émérance amepata watoto wa kufundisha, chini ya paa la nyasi.

Mama alisema, “Alhamdulillahi,” kisha akasema kwamba kanga ile alimwazima tu Émérance, hakumpa.

Jumamosi, 1 Julai

Miaka kumi ya uhuru. Magwaride. Nimeunganisha salamu tangu asubuhi.

Kulipotulia nikapiga ofisi ya ufundi Bujumbura na kumwomba Hassani. Sauti ikasema, “Hassani gani?” Nikasema fundi wa njia, wa Buyenzi. Sauti ikasema, “Hapa hakuna mtu wa jina hilo.” Nimepiga tena alasiri nikasema kwa Kirundi. Jibu lilikuwa lilelile.

Jumapili, 16 Julai

Nilipata kibali cha safari ya Bujumbura, nikasema nina shangazi mgonjwa. Buyenzi ni mitaa mingi, lakini fundi wa simu watu wanamjua. Walinionyesha mlango wa bluu.

Mkewe anaitwa Mariyamu. Alikuwa na watoto wawili miguuni na wa tatu mgongoni. Akaniuliza, “Wewe ni wa wale wa ofisini?” Nikasema, “Mimi ni wa Rumonge. Wa meza ya simu.”

Alinikaribisha ndani. Hakulia na hakuniuliza mume wake yuko wapi. Nadhani ameshauliza kote palipo na wa kuulizwa. Nikamweleza. Nilimweleza yote, kishikio, Minago, Gitaza, ngazi inayoteleza. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyesema siku mbili, yeye angeweza kusema amepata waya na kurudi nyumbani. Nilimwambia alinipungia na mimi sikumpungia.

Mariyamu alinisikiliza huku akimfungua mtoto mgongoni. Akamlaza kwenye mkeka, akamfunika.

“Na hao watu wenyewe,” akauliza. “Yule mwanamume na mkewe. Wako wazima?”

“Wazima.”

“Umewaona?”

“Mjomba wangu amewaona kwa macho.”

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi na ugali na maharage kwenye sinia moja, na maji ya kunawa. Akaninawisha mimi kwanza. Akawaita watoto.

“Bismillahi,” akasema. “Kula, mdogo wangu. Umetoka mbali.”

Tukala.